Gofu Lenye Mashimo Tisa

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi alasiri, siku ya Jumanne, barua yangu ya kuomba likizo iliporudi mezani. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimetoka kuiandika kwenye kitabu cha kutolea magunia. Tarishi aliiweka barua juu ya kitabu, akainamisha kichwa kidogo, akaondoka bila kuniomba sigara. Hilo halikuwa jambo la kawaida. Barua ilikuwa na muhuri wa Ofisa Utumishi na sahihi yake, na pembeni, kwa wino wa bluu, alikuwa ameandika: "Siku kumi na nne. Imekubaliwa. Pole sana."

Niliisoma mara tatu. Nilikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha kuchambua pamba mjini Shinyanga, mwaka wa tisa, na katika miaka hiyo nilikuwa nimeomba likizo ya kusafiri mara mbili. Mara ya kwanza jibu lilichukua wiki sita, nalo lilikuwa hapana. Mara ya pili halikuja kabisa. Safari hii nilipeleka barua Jumatatu asubuhi, wiki tatu kabla ya msimu wa pamba kufunguliwa, na nilikuwa nimejiambia kwamba nikikataliwa sitaomba tena. Umri wangu ulikuwa miaka arobaini na minne. Lile neno "pole" nililielewa kuwa ananitaka radhi kwa zile mara mbili, nikaona kumbe ni muungwana kuliko nilivyomdhania.

Barua yenyewe ilikuwa sentensi moja, kwa kuwa sipendi barua ndefu: "Naomba likizo ya siku kumi na nne kuanzia Ijumaa hii kwa ajili ya gofu, Morogoro."

Mchezo huo niliujulia Mwadui, nilipokuwa karani wa stoo ya vipuri mgodini. Mhandisi mmoja aliyekuwa akirudi kwao aliniachia mfuko wenye fimbo saba na kijitabu cha mafunzo. Kijitabu kilikuwa cha Kiingereza. Nilikaa nacho miezi minne, kamusi mkononi, ukurasa mmoja mmoja, nikifanya kila zoezi nyuma ya nyumba kabla ya kuthubutu kukanyaga kiwanja. Kiwanja cha kule, kuzunguka kila shimo, hakikuwa na majani bali mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya mashine ili upepo usiupeperushe. Nilipohamia kiwandani niliendelea kwenda Jumapili moja kila mwezi, kwa lori hadi Maganzo, halafu kwa miguu. Wachimbaji wa Maganzo waliponiona nashuka na mfuko wa vyuma walidhani nimepata mahali penye almasi. Mmoja alinifuata kwa mbali karibu maili nzima ili ajue nachimba wapi.

Nilikuwa nimeambiwa kwamba Morogoro kuna majani hata kuzunguka shimo, mabichi, yamekatwa yakalala kama zulia. Nilitaka kuona mpira ukiviringika juu ya majani kabla sijazeeka. Sababu ya likizo ilikuwa hiyo tu.

Inabidi nieleze pia habari ya neno lenyewe. Mwadui wengi walisema "golfu", na Wasukuma wenzangu "golofu", maana ulimi wetu haupendi konsonanti mbili zikae zimebanana. Mimi Kiswahili sanifu nilijifunza peke yangu, kwa gazeti na redio, na nilikilinda kama mtu anavyolinda baiskeli aliyoinunua kwa jasho lake. Niliamua kwamba ile l ni ya kigeni na haina kazi pale, nikawa naandika "gofu". Baadaye niliona gazeti moja limeandika vilevile, nikafurahi siku mbili.

Jioni hiyo, nilipokuwa natoka, mlinzi wa geti aliniambia, "Pole na gofu, Bwana Stoo." Nikamjibu, "Asante. Nimeshalizoea." Alinitazama kwa huruma hadi nilipokata kona.

Mke wangu aliipokea barua. Aliikunja, akaiweka ndani ya kopo la majani ya chai, akaenda kuosha kanga zake zote nne. Yeye ni Msumbwa wa Ushirombo, na mbali kuliko kote alikowahi kufika ni Tabora. Tulikuwa tumekubaliana zamani kwamba nikipata likizo naye atakuja, kwa sharti moja: mapigo atayahesabu yeye. Alikuwa ameshanisikia nikijihesabia nyuma ya nyumba na hakuridhika.

Jumatano saa sita mchana nilikwenda stesheni nikakata tiketi mbili za daraja la pili, treni ya Alhamisi jioni. Jioni ya Jumatano, baada ya kazi, tukaanza kufungasha.

Mimi hufungasha kwa orodha. Nilikuwa na daftari, nimelichora safu tatu: kitu, idadi, uzito. Uzito niliupima kwa mizani ya ndoana ya kupimia pamba, ya zamani, ambayo kiwanda kilikuwa kimeitoa kazini na mimi nikaitengeneza. Sanduku la bati, kilo sita na nusu. Suruali za kaki, mbili. Mashati, manne. Viatu vyenye misumari chini, jozi moja. Mipira kumi na mmoja, minne kati yake nimeipaka rangi nyeupe ya mlango kwa sababu ngozi ilishachubuka. Vijiti vya kuwekea mpira, ishirini, nilivyochonga mwenyewe. Mfuko wa fimbo. Mwavuli. Mke wangu aliweka michembe ya viazi vitamu, karanga, chumvi, na blanketi moja zito ambalo nilimwambia halihitajiki.

"Umeshafika Morogoro?" akaniuliza.

"Bado."

"Basi andika blanketi."

Nikaandika blanketi. Jumla ilifika kilo thelathini na moja, pungufu ya kile nilichokuwa nimekisia, nikaridhika.

Saa kumi na moja hivi wageni wakaanza kuingia. Wa kwanza alikuwa jirani yetu mama mmoja anayeuza dagaa wa Nkome sokoni. Alileta dagaa wakavu ndani ya mfuko wa karatasi, akamshika mke wangu mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia ajikaze. Mke wangu alidhani anazungumzia safari ya treni, akasema atajikaza. Nikaandika: dagaa, kilo moja.

Kisha wakaja makarani wawili wa ofisi ya mishahara wakiwa na misumari ya inchi nne, kilo mbili, kwenye gazeti. Niliguswa. Nilijua viatu vyangu vina misumari chini, nikadhani na wao wamesikia, na kwamba wamekosea ukubwa tu. Sikutaka kuwaaibisha kwa kuwaambia kwamba ya viatu haifiki hata nusu inchi. Nikawashukuru, nikaandika.

Wapima pamba walileta chokaa nusu gunia. Hilo nililifikiria kidogo. Nikakumbuka kwamba kiwanja cha mpira wa miguu huchorwa kwa chokaa, na mtu asiyejua gofu anaweza kabisa kudhani kuwa na lenyewe linachorwa. Mmoja wao, kijana wa Kisukuma, alisema wangeleta na bati lakini halikukunjika. Mke wangu akamshukuru, "Wabeja, baba," kwa Kisukuma chake cha kujifunza, kisha akanitazama. Nikamwashiria kwamba nitamweleza baadaye.

Sanduku sasa halikufunga. Niliitoa misumari, nikaipanga upya ndani ya viatu. Nikatoa mashati, nikawazungushia dagaa ili wasivunjike. Chokaa nikaiacha peke yake na kuitundika kwenye mizani. Jumla mpya: kilo hamsini na nane. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya sanduku, nikifikiria tutapandaje nalo kwenye behewa, fundi alipoingia.

Fundi huyu alikuwa mwashi, mtu mzima kunizidi, mwenyeji wa Kilwa aliyekaa Shinyanga tangu kabla sijafika. Nikampa shikamoo, akaipokea. Mkononi alikuwa na mwiko, pimamaji na timazi yenye kamba mpya. Aliviweka juu ya blanketi kimoja kimoja, kama mtu anayemkabidhi mwanawe. Halafu akauona mfuko wa fimbo. Akachomoa ile ndefu yenye kichwa cha mti, akaipimapima, akagonga nayo sakafu yangu taratibu mara tatu.

"Ya kupigilia," akasema.

Nilisikia "ya kupigia", nikakubali.

Akakaa kwenye kigoda. Akasema amesikia habari kiwandani, na kwamba yeye fedha hana, ila vyombo vyake vitanifaa, nami nivirudishe nikimaliza. Akaongeza kwamba kama si kazi ya msikiti angefunga safari pamoja nasi.

"Gofu lenyewe kubwa?" akauliza.

"Si kubwa sana. Lina mashimo tisa."

"Tisa." Akatikisa kichwa. "Ya mvua au ya panya?"

Nilimtazama. Yeye pia alinitazama, akisubiri, kwa sababu kwake lilikuwa swali la kawaida la kazi. Mke wangu aliacha kukunja kanga.

"Mzee," nikasema, "kwenu Kilwa gofu ni nini?"

"Ni gofu tu. Nyumba iliyokufa. Paa limeanguka, kuta zimebaki zimesimama. Kwetu yapo mengi, mengine ya mawe, ya zamani za masultani. Hilo lako la mawe au la tofali?"

Naandika haya kwa utulivu, lakini pale nilihisi masikio yakipata moto. Kwetu nyumba ni ya udongo na nyasi. Ikiachwa, mvua za misimu miwili zinairudisha ardhini, watu wanapanda mtama juu yake. Hakibaki kitu hata kihitaji kupewa jina. Neno hilo sikuwa nimelisikia maishani. Kamusi ninayo, tena nimeichakaza, lakini sikuwahi kulitafuta neno nililodhani nimelitengeneza mwenyewe. Ofisa Utumishi alikuwa mtu wa Pangani. Alikuwa amesoma kwamba mtunza stoo wake anaomba siku kumi na nne kwa ajili ya nyumba yake iliyobomoka Morogoro, na alikuwa amempa likizo ya dharura kesho yake.

Nilimweleza fundi. Nilitumia fimbo, mpira mmoja, na kikombe kilicholazwa sakafuni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuna nyumba."

"Hakuna."

"Na misumari?"

"Nilidhani ya viatu."

Mke wangu alikaa juu ya sanduku. Alijifunika kanga usoni na mabega yake yakawa yanatikisika, na kwa kitambo sikujua kama analia. Alipoifunua kanga alikuwa amelowa machozi mpaka shingoni. "Lina mashimo tisa," akasema, kicheko kikamshika tena. Hapo fundi naye akaanza, polepole, kicheko cha mzee kinachotokea tumboni, hadi akalazimika kushika ukuta. Mimi nilicheka wa mwisho. Nilikuwa bado napiga hesabu.

Hesabu ilikuwa fupi. Likizo ya dharura ilitolewa kwa sababu ya dharura. Nikisema kweli, Ofisa anaifuta, msimu unafunguliwa, na majani ya Morogoro sitayaona kamwe. Nikinyamaza, nitaondoka na misumari ya watu na chokaa yao kwa ajili ya nyumba isiyokuwapo. Nilimwuliza mke wangu anaonaje, maana tiketi moja ilikuwa yake na kanga zake nne zilikuwa zimeshanyooshwa.

Alifikiri kidogo. "Kamwambie," akasema. "Ila usianze na ile l yako. Ukianza na l atakufukuza."

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Ofisa Utumishi, na fimbo ya chuma namba saba ndani ya gazeti, mpira mfukoni, na barua niliyoitoa kwenye kopo la chai. Alikuwa mzee mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba, akaniuliza kwa nini sijaondoka, na kama pana matatizo ya nauli. Hilo la nauli lilinifanya nisiweze kukaa.

"Mzee, nyumba yangu Morogoro haijabomoka. Sina nyumba Morogoro."

Alivua miwani.

"Gofu nililoandika ni mchezo. Kosa ni la barua yangu."

"Mchezo gani?"

"Wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie shimoni."

"Ukishaingia?"

"Unautoa."

"Halafu?"

"Unaupiga kwenda shimo la pili."

Aliichukua mkononi mwangu barua ile ya sentensi moja. Nilimwona anaisoma upya, neno kwa neno, na safari hii midomo yake ikapinda kidogo pembeni. Akaniuliza kama ni kweli kwamba mtu anaweza kukaa ndani ya treni siku mbili ili akatoe mpira shimoni. Nikamwambia kuwa ni kweli, na kwamba nimengoja jambo hilo miaka tisa.

"Na mama watoto anakwenda kufanya nini?"

"Kuhesabu mapigo. Haniamini."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka bila sauti, kichwa chini, akipigapiga meza kwa kiganja. Alipomaliza alijifuta macho na kuniambia kwamba kwao Pangani mtu akimtukana mwenziwe vibaya sana humwita gofu la mtu, yaani amebaki mifupa, na kwamba alipoisoma barua alihuzunika usiku kucha kwa ajili yangu. Kisha akawa Ofisa tena. Likizo ya dharura hawezi kuiacha isimame, akasema, kwa sababu hakuna dharura. Likizo ya kawaida wakati huu haitolewi zaidi ya siku saba. Alikata kumi na nne kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika saba, akakata na "pole sana", akatia sahihi pembeni ya kila mkato.

"Sasa nionyeshe," akasema.

Tulitoka nje, upande wa lundo la mbegu za pamba ambalo wakati huo lilikuwa bado refu kama nyumba. Niliweka mpira chini, nikasimama kama kijitabu kinavyoelekeza, nikapiga. Ulipanda vizuri, ukavuka lundo lote. Wapakuzi waliokuwa wamekaa kwenye marobota wakasimama. Kijana mmoja alikwenda mbio kuuleta. Ofisa Utumishi aliomba fimbo. Alipiga hewa mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Mmoja wa wapakuzi akasema kwa upole kwamba mzee anafukuza nzi. Mara ya nne aliupata barabara. Mpira uliingia katikati ya lundo la mbegu, ukazama, na mpaka leo sijui uliishia kwenye mashine gani ya kukamua mafuta. Mzee alibaki amesimama na fimbo juu begani, akitazama lile tundu dogo kwenye mbegu.

"Umeingia shimoni," akasema.

Asubuhi iliyobaki niliitumia kurudisha vitu. Fundi alichukua vyombo vyake, akasema kweli alikuwa anavihitaji kesho yake. Misumari makarani waliikataa. Walisema wakiirudisha nyumbani watacheka kila wakiiona, bora nicheke mimi. Kwa chokaa mlinzi alipaka kibanda chake, kazi aliyoianza siku hiyohiyo, na kila aliyepita getini alimweleza ilikotoka. Mama wa dagaa aliuliza kama huko kwenye mchezo watu hula. Nikamwambia hula. Akasema basi dagaa wabaki. Kabla ya saa sita kiwanda kizima kilikuwa kinaniita Bwana Magofu, na jina hilo lilikaa nami mpaka nilipostaafu. Nilipopima sanduku mara ya mwisho lilikuwa kilo thelathini na nne, pamoja na misumari na dagaa.

Treni ilichelewa saa moja na dakika arobaini. Mke wangu alikaa dirishani tangu Shinyanga hadi giza likawa hata taa hazionekani, na Ijumaa yote baada ya kubadili treni Tabora alikuwa ananitajia stesheni kabla hazijafika, kwa kuwa alikuwa ameziuliza kwa abiria wote wa behewa. Jumamosi alfajiri tukashuka Morogoro. Milima ya Uluguru ilikuwa imefunikwa na wingu hadi kiunoni, na kulikuwa na baridi. Blanketi lilitumika.

Majani yalikuwapo. Sikucheza siku hiyo mpaka nilipoinama na kuyagusa kwa kiganja, na mtunza kiwanja alinikaripia kwa kukaa karibu na shimo. Nilipiga mpira wangu wa kwanza juu ya majani hayo kutoka hatua sita. Ulikwenda kimya, bila ule mkwaruzo wa mchanga wenye mafuta, ukapinda kidogo mwishoni, ukakosa. Nilirudi nikaupiga tena kutoka palepale, ingawa mke wangu alisema na hilo analihesabu. Alihesabu yote. Alihesabu hata niliyopiga hewa, na siku ya pili alihesabu pigo moja nililolifanya kwa ajili ya kumwonyesha mtoto wa watu jinsi ya kushika fimbo. Mzunguko wa kwanza, kwa hesabu yake, ulikuwa mapigo sabini na mawili. Wa mwisho, sitini na moja. Ningejihesabia mwenyewe ungekuwa hamsini na nane, lakini daftari lilikuwa mikononi mwake, na aliandika kwa wino.

Tulilala Morogoro siku tatu badala ya kumi tulizokuwa tumepanga. Nyumba ya wageni ilitoza shilingi kumi na tano kwa usiku mmoja kwa watu wawili, na usiku saba ambao hatukulala ulifanya shilingi mia moja na tano. Telegramu niliyompelekea mwenye nyumba kabla ya kuondoka Shinyanga, kumjulisha kwamba siku zimekatwa, ilikula shilingi sita. Jumla tuliyookoa ilikuwa shilingi tisini na tisa.